Kitenzi cha Kiingereza chenye maana 645

Mwaka 2011 wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, kamusi kubwa kuliko zote za kihistoria katika lugha hiyo, walimaliza kukipitia upya kidahizo cha herufi tatu, ‘run’, ambacho kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa mapema kwamba maana yake ni ‘kukimbia’. Kidahizo ni neno linaloorodheshwa katika kamusi kwa herufi nzito ili lifuatiwe na maelezo yake, na kwa kawaida maelezo hayo huchukua mistari michache. Mhariri aliyekabidhiwa kidahizo hiki, Peter Gilliver, alikishughulikia kwa takriban miezi tisa, na alipokiweka chini kitenzi peke yake, bila kuhesabu nomino inayoandikwa vivyo hivyo, kilikuwa na maana 645. Kukimbia kwa miguu ni mojawapo tu.

Kabla ya hapo sifa ya kuwa na maelezo marefu kuliko yote ilikuwa ya vitenzi vingine. Katika toleo la pili la kamusi hiyohiyo, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, kitenzi ‘set’, ambacho Mswahili angekifasiri kwa kuweka, kutega, kupanga, kuzama kwa jua au kuganda kwa saruji kutegemea mahali kilipo, kilikuwa na maana zaidi ya 430 zilizoelezwa kwa maneno yapatayo 60,000, ambayo yangetosha kujaza kitabu kizima. Toleo la tatu lilipoanza kutayarishwa, wahariri hawakuanzia herufi A bali M, na kadiri walivyosonga mbele rekodi iliendelea kuvunjwa: ‘make’ mwaka 2000, ‘put’ mwaka 2007, kisha ‘run’. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri jijini London mwaka 1755, alikuwa ameonja ugumu huo mapema, kwa sababu kitenzi ‘take’ peke yake kilimlazimu atenganishe maana zaidi ya 130.

Maneno hayo yote yana tabia moja. Ni mafupi, ni ya kale, hutamkwa mara nyingi kila siku, na hakuna hata moja linalotaja kitu kinachoweza kushikwa mkononi. Jina la mnyama wa baharini wa kaskazini, ‘walrus’, ambalo J.R.R. Tolkien alilishughulikia alipokuwa msaidizi katika kamusi ya Oxford mwaka 1919 na 1920, lina historia ya kutatanisha ya asili yake lakini halina utata wa maana, kwa kuwa mnyama ni yuleyule. Kitenzi cha kwenda, kuweka au kufanya hakifungwi na kitu chochote, na kwa hiyo kila kizazi kinapopata jambo jipya la kusema hukitwaa kwanza hicho kilicho karibu na ulimi kabla ya kubuni kingine.

Wanaisimu huiita hali hii polisemia, yaani neno moja lenye asili moja kuwa na maana mbalimbali zinazohusiana, na istilahi yenyewe ilienezwa na Mfaransa Michel Bréal katika kitabu chake cha semantiki cha mwaka 1897. Polisemia hutofautishwa na homonimia, ambapo maneno mawili au zaidi yasiyo na uhusiano hujikuta yakitamkwa na kuandikwa sawa. Kiswahili kina mifano iliyo wazi ya homonimia: kaa la moto, kaa wa pwani na kitenzi kukaa ni maneno matatu yaliyokutana kwa bahati, kama ilivyo kwa paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani, na ndiyo maana watunzi wa kamusi huyaingiza kama vidahizo tofauti vyenye namba. Mfano mzuri wa polisemia ni ndege, kwa sababu chombo cha kusafiria kilipewa jina la kiumbe anayeruka kwa kufanana naye, na hapo sarufi ikafanya kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya: ndege ameruka ni yule mwenye manyoya, ndege imeruka ni ile yenye injini. Upatanisho wa kisarufi humwondolea msikilizaji mashaka kabla hata sentensi haijaisha.

Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, na ‘run’ hutegemea majirani zake katika sentensi ili ieleweke. Historia yake ina mambo ambayo hayaonekani kwa juu. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichoandikwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja, kimoja kikiwa na maana ya kwenda mbio au kutiririka na kingine kikiwa na maana ya kumfanya mwingine aende mbio, hasa farasi. Waskandinavia waliohamia kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9 walikuja na vitenzi vyao vilivyofanana sana na hivyo, na katika kuchanganyika kwa watu hao sauti zikakaribiana hadi vitenzi vyote vikawa kimoja. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, bado kinatenganisha ‘rinnen’, ambacho ni kutiririka au kuchuruzika, na ‘rennen’, ambacho ni kukimbia. Mwingereza alipoteza tofauti hiyo, kwa hiyo kwake mto, damu, machozi na mwanariadha vyote vinatumia kitenzi kimoja, na jambo hilo si sitiari iliyobuniwa na washairi bali ni urithi wa tangu mwanzo.

Kutoka hapo maana zilitanuka kwa hatua ndogo ambazo kila moja ina mantiki yake. Kama maji hukimbia, basi bomba lililofunguliwa nalo hukimbia, na mtu anayefungulia maji ya kuoga huwa ‘anayakimbiza’. Pua inayotoka kamasi hukimbia. Nguo inayochuja rangi kwenye beseni hukimbia pia, maana rangi imeacha mahali pake na kufuata maji. Njia inayotoka mji mmoja kwenda mwingine husemwa kwamba inakimbia kati yake ingawa haisogei hata kidogo, kwa kuwa jicho la mtazamaji ndilo linaloifuata, na kutoka kwenye njia ni hatua fupi kwenda kwenye wakati: mkataba hukimbia kwa miaka mitatu, na mchezo wa kuigiza hukimbia kwa muda wote unaoonyeshwa. Mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ‘ulikimbia’ jijini London kuanzia mwaka 1952 hadi Machi 2020, janga la korona lilipozifunga kumbi za maonyesho, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichokwenda mbio.

Nomino yake imefuata njia hizohizo. Katika mchezo wa kriketi alama moja huitwa kwa jina hilo, kwa kuwa asili yake ni wachezaji wawili kupishana mbio kati ya vijiti vya upande huu na ule, na watangazaji wa Kiswahili huiita mkimbio. Lakini mpigaji akiupeleka mpira hadi kuvuka mpaka wa uwanja hupewa mikimbio minne, au sita ikiwa mpira haukugusa ardhi, na hana haja ya kuinua mguu. Katika mambo ya fedha neno hilohilo hutaja siku ambayo wenye amana wanapoteza imani na benki na kufika kwa wingi kudai fedha zao, kama ilivyotokea kwa benki ya Northern Rock nchini Uingereza mnamo Septemba 2007, pale foleni zilipotanda mbele ya matawi yake. Soksi ndefu ya mwanamke ikifumuka uzi, Mmarekani husema ina ‘run’, ilhali Mwingereza huiona ni ngazi. Ua wa kufugia kuku, safari ya kawaida ya gari la mizigo, mfululizo wa ushindi, toleo la kitabu linalopigwa chapa kwa mara moja: vyote hivyo vimo katika kidahizo hicho.

Swali la msingi ni kwa nini Kiingereza kinakitwika kitenzi kimoja mzigo wote huu, na jibu halipatikani katika akili za Waingereza bali katika umbo la lugha yao. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vingi vya mwisho, lakini karne zilivyopita viambishi hivyo vilidhoofika na kupotea, na hasara mojawapo ni kwamba kauli ya kutendesha, ile inayobadili kutenda kuwa kumfanya mwingine atende, ilikufa kama kanuni hai. Mswahili akitaka kusema kwamba kampuni inakwenda chini ya uongozi wa mtu fulani, hachukui enda kama kilivyo, bali hukiongezea kiambishi na kupata endesha. Akitaka kutaja kuzidi kwenda atasema endelea. Kumwezesha mwingine asonge mbele ni kuendeleza. Na kutoka katika mzizi huohuo atapata mwendo, mwenendo, mwendeshaji, uendeshaji na maendeleo. Mnyambuliko, yaani utaratibu huu wa kuzalisha maneno kwa viambishi, humpa Mswahili vidahizo kumi mahali ambapo Mwingereza ana kimoja chenye maana kumi. Anayedhani kwamba maana 645 ni ushahidi wa utajiri ambao Kiswahili hakina anakosea hesabu, kwa sababu analinganisha mti mmoja mkubwa na msitu.

Kiingereza kililipa hasara hiyo kwa njia nyingine mbili. Kwanza, kitenzi hugeuka nomino bila kubadilika hata herufi. Pili, kitenzi hufuatishwa na kielezi kifupi cha mahali, na kila muunganiko ukazaa maana ambazo haziwezi kukisiwa kutokana na sehemu zake. ‘Run’ pamoja na neno la nje ni kuishiwa, kwa mfano na sukari au na subira. Pamoja na neno la ndani yake ni kukutana na mtu bila kutarajia au kugonga kitu kwa gari. Pamoja na neno la juu ya kitu ni kumkanyaga mtu kwa gari au kuisoma hotuba harakaharaka kabla ya kuitoa. Pamoja na neno la chini ni kumsema mtu vibaya, au betri kuisha nguvu. Mwanafunzi wa kigeni hawezi kuzipata maana hizo kwa kujumlisha. Inambidi azipokee moja moja kama zilivyo.

Kisha yalikuja mapinduzi ya viwanda, na hapo ndipo kitenzi hiki kilipovuka wenzake. Katika karne ya 18 na 19 mitambo ya mvuke, viwanda vya nguo na reli vilileta vitu visivyo na uhai ambavyo hata hivyo vilijiendea vyenyewe, na kitenzi cha kuvielezea kilikuwa tayari kinasubiri: treni zilikimbia, saa zilikimbia, injini zilikimbia zikiwa zimesimama mahali pamoja. Mwandishi Simon Winchester, aliyeandika sana kuhusu historia ya kamusi ya Oxford, amekuwa akieleza kwamba kupanda kwa ‘run’ juu ya ‘set’ na ‘put’ ni matokeo ya zama za mashine, na hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa kompyuta ilipotokea ilirithi msamiati wa mitambo iliyoitangulia, ikawa programu nazo hukimbia. Biashara ilifuata mkondo huohuo: mtu aliyeendesha mashine akawa mtu anayeendesha kiwanda, halafu anayeendesha shule, halafu anayeendesha nchi.

Siasa ilichukua neno hilo kutoka kwenye mashindano ya mbio. Marekani mgombea wa urais ‘hukimbia’, ilhali Uingereza tangu zamani mgombea ‘husimama’, na watu wawili wanaotumia lugha moja hutazama uchaguzi mmoja huku mmoja akiona mbio na mwingine akiona mtu aliyejitokeza mbele ya wenzake. Kiswahili hakikufuata yeyote kati ya hao. Kilichukua gomba, kitenzi cha mabishano, kikakinyambua kuwa gombea, yaani kushindana na wengine kwa ajili ya kitu, na anayesimama pamoja na mgombea urais akawa mgombea mwenza, istilahi inayotumika rasmi Tanzania na Kenya. Hakuna mbio ndani yake. Waliochagua istilahi hiyo walitazama jambo lenyewe badala ya herufi za neno la kigeni, na hicho ndicho kipimo cha tafsiri yoyote nzuri.

Maana zote hizi hazikutoka kichwani mwa mtu mmoja aliyekaa mezani na kuzifikiria. Zilikusanywa, na namna ya kuzikusanya inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayokosekana hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kiliridhika kwamba kamusi zilizokuwepo zilikuwa na mapungufu makubwa, kikapendekeza kamusi mpya ambayo ingeonyesha maisha ya kila neno tangu lilipoandikwa kwa mara ya kwanza. Mhariri aliyeifanya ndoto hiyo kuwa kazi halisi ni James Murray, mwalimu wa shule kutoka Uskoti, aliyefunga mkataba na wachapishaji wa Oxford mwaka 1879. Alijenga banda la mabati uani kwake, akaliita Skriptoriamu, na ndani yake akaweka kabati lenye vishubaka 1,029 vya kuhifadhia vikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na umbo moja: juu pembeni neno linalohusika, chini yake sentensi iliyonukuliwa kutoka kitabu au gazeti, pamoja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa.

Vikaratasi hivyo vilitumwa kwa posta na wasomaji wa kujitolea kutoka pande nyingi za dunia, na miongoni mwa waliochangia sana alikuwamo William Chester Minor, daktari wa zamani wa jeshi la Marekani, aliyefanya kazi hiyo akiwa amefungiwa katika hospitali ya Broadmoor kwa ugonjwa wa akili baada ya kuua mtu. Watoto wa Murray, ambao walikuwa 11, walipewa fedha kidogo kwa kuvipanga kialfabeti. Vikaratasi vya neno moja vilipokwisha kukusanywa, mhariri alivitandaza mezani, akavisoma kimoja kimoja, akatenganisha mafungu kwa kadiri maana zilivyoachana, kisha akapanga mafungu hayo kufuata tarehe ya ushahidi wa kale kuliko wote. Maana ilitokana na ushahidi, wala ushahidi haukutafutwa ili kuipamba maana iliyokwisha kuamuliwa. Mchapishaji alitarajia kazi yote iishe kwa miaka 10. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884 ikiwa haijavuka maneno yanayoanza kwa ‘ant’, Murray akafariki mwaka 1915 akiwa katika herufi T, na kamusi ikakamilika mwaka 1928 ikiwa na vidahizo zaidi ya 414,000 na nukuu zaidi ya 1,800,000.

Upande wa pili wa polisemia ni visawe, yaani maneno tofauti yenye maana zinazokaribiana. Aliyevipa visawe vya Kiingereza nyumba yao ni Peter Mark Roget, daktari mzaliwa wa London, aliyeandika orodha yake ya kwanza mwaka 1805 kwa matumizi yake binafsi na kuichapisha kama kitabu mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73. Roget hakupanga maneno kwa alfabeti bali kwa dhana, akaigawa dunia yote ya mawazo katika mada 1,000 chini ya makundi makuu sita, na mara nyingi aliweka dhana na kinyume chake bega kwa bega. Chuo Kikuu cha Glasgow baadaye kiliunganisha wazo hilo na tarehe za kamusi ya Oxford: kazi iliyoanzishwa na Profesa Michael Samuels mwaka 1965 ilichapishwa mwaka 2009, na sasa mtafiti anaweza kuona ni maneno gani ya kukimbia yaliyokuwa yakitumika katika karne yoyote.

Kiingereza kina visawe vingi kwa sababu kimejengwa kwa matabaka. Dhana ya ufalme ina ‘kingly’ la wenyeji wa kale, ‘royal’ lililoletwa na Kifaransa cha Wanormani, na ‘regal’ lililochukuliwa katika Kilatini cha wasomi. Kiswahili nacho kina matabaka yake, ya Kibantu na ya Kiarabu kwanza, kisha ya Kiajemi, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na ndiyo maana woga na hofu vinaishi pamoja. Lakini kuishi pamoja si kuwa sawa, na jaribio rahisi la kuthibitisha hilo ni la kubadilishana nafasi. Gazeti litaandika kwamba hofu imetanda mjini, wala halitaandika kwamba woga umetanda mjini. Askari anayetoroka vitani ni mwoga, hata kama siku hiyo hakukuwa na la kuhofia. Neno la Kibantu limebaki na tabia ya mtu, la Kiarabu limechukua hali inayowapata watu kutokana na tukio.

Jaribio hilohilo linafaa kwa ‘run’. Katika maana ya kusimamia kampuni, nafasi yake inaweza kuchukuliwa na ‘manage’, lakini hakuna anayeweza ‘ku-manage’ mto. Katika maana ya maji, ‘flow’ inatosha, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mwanariadha. Kwa maneno mengine, neno lenye maana nyingi halina visawe. Ni kila maana yake ndiyo yenye visawe vyake, na orodha yoyote inayovimwaga pamoja bila kuvitenga humpotosha msomaji. Kiswahili hufundisha somo hilo kwa mifano yake yenyewe. Kutimua mbio, kutimka, kutoka nduki na kuchanja mbuga yote hutajwa kuwa sawa na kukimbia, lakini Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, akiwa mbele tangu mwanzo hadi utepe, alikimbia. Kusema kwamba alitoka nduki kungemfanya aonekane kama mtu aliyeshtushwa na nyoka.

Kukimbia chenyewe si pacha wa ‘run’, na hapa ndipo wafasiri wanapoteleza zaidi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mbio za uwanjani na pia kuepuka hatari au wajibu, jambo ambalo Kiingereza hulipa kitenzi chake tofauti. Mume aliyemkimbia mkewe huenda aliondoka kwa basi. Kutoka katika kitenzi hicho zimetoka nomino mbili zisizoweza kubadilishana, mkimbiaji na mkimbizi, na zaidi ya hizo kuna kimbilia, kimbiza na kimbilio. Kwa hiyo vitenzi hivi viwili vinakutana mahali padogo tu, pale miguu inapokwenda kasi, na nje ya hapo kila kimoja kina nchi yake. Tafsiri za mashine zinazoenea katika simu na tovuti hazijaliweka hilo sawasawa, na msomaji wa Kiswahili bado hukutana na programu zinazokimbia kwenye kompyuta na pua zinazokimbia, ilhali programu huendeshwa na kamasi humtoka mtu. Katika tangazo la biashara kosa kama hilo ni aibu ndogo. Katika maelezo ya dawa au ya mashine linaweza kumdhuru anayeyafuata.

Kiswahili kinacho kitenzi kinachoweza kusimama mbele ya ‘run’ bila haya, nacho ni piga. Mtu hupiga pasi, simu, picha, kura, chapa, hodi, mluzi, magoti, kambi, deki, mswaki, soga, chenga, ramli, miayo na chafya. Serikali hupiga marufuku. Nchi hupiga hatua. Katika mengi ya hayo hakuna pigo lolote. Wanaisimu hukiita kitenzi cha namna hii kitenzi chepesi, maana yake ni kwamba uzito wa maana umehamia katika nomino inayofuata, nacho kimebaki kuonyesha tu kwamba tendo limefanyika, mara nyingi kwa nguvu, kwa ghafla au kwa kurudiarudia. Kwamba maana hizo ni tofauti kweli huonekana pale zinapofungwa pamoja: alipiga simu na pasi ni sentensi inayomfanya msikilizaji asite, kwa sababu kitenzi kimoja kimelazimishwa kuvuta mambo mawili yasiyokwenda njia moja.

Ni nani aliyepiga simu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kiswahili, na mwaka gani? Je, kupiga picha kulianza katika maandishi ya Unguja, Mombasa au Dar es Salaam? Kuhusu ‘run’ maswali ya aina hiyo yana majibu 645. Kuhusu piga, kamusi zinazouzwa madukani, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hadi Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ya mwaka 2015, hutoa maana na mifano ya matumizi, nayo ni kazi ya kuheshimiwa, lakini hazitoi tarehe wala nukuu za kuthibitisha safari ya neno. Neno chuo linatosha kuonyesha hasara iliyopo. Leo chuo ni mahali pa kusomea, lakini kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zililifasiri kuwa kitabu, na ndivyo linavyotumika katika tenzi za kale. Asiyejua hilo hawezi kueleza kwa nini mwanachuoni ni mtaalamu wa dini aliyebobea, ilhali mwanachuo anaweza kuwa kijana aliye katika mwaka wake wa kwanza wa shahada.

Malighafi ya kamusi ya namna hiyo ipo. Upo Utendi wa Tambuka ambao hati yake ni ya mwaka 1728. Yapo magazeti ya misheni kama Msimulizi lililoanza Zanzibar mwaka 1888 na Habari za Mwezi la mwaka 1894. Lipo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 na kusomwa kote Tanganyika kwa miongo kadhaa. Zipo barua za wafanyabiashara wa pwani kwa hati za Kiarabu, na zipo kanda za redio. Leo hakuna haja ya banda la mabati wala vishubaka, kwa kuwa maandishi hayo yakiingizwa katika kompyuta yanaweza kupekuliwa kwa neno moja ndani ya sekunde. Kinachohitajika ni TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, BAKITA, BAKIZA na vyuo vikuu vya Kenya kukubaliana juu ya hazina moja ya maandishi yenye tarehe, kutenga wahariri watakaolipwa kwa miaka mingi bila kuharakishwa, na kuwashirikisha wasomaji wa kawaida kama Murray alivyofanya. Na kila mwenye sanduku la barua za babu, daftari la mashairi au magazeti ya zamani asiyaache yakaishia kufungia maandazi, bali ayapeleke yakanakiliwe katika maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu naye.